Ubao wa Urefu Utoke Stoo

Hotuba kwa wauguzi, maofisa lishe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kabla ya zoezi la kulinganisha vipimo

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya, ndugu maofisa lishe, wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti na watendaji wa vijiji. Wakubwa shikamooni, na wenzetu habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumze kuhusu kupima ukuaji wa watoto kabla hamjatoka nje kwenye zoezi. Hatutapita kila ukurasa wa mwongozo, kwa sababu mwongozo mnao. Tutakaa zaidi kwenye kifaa kimoja, ubao wa kupimia urefu. Ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote, na kinapotumika ndicho kinachodanganya zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Mwaka 2010 walikuwa 42, na mwaka 2015/16 walikuwa 34. Nchi inashuka, tushukuru. Sasa fungueni jedwali la mikoa: Iringa 57, Njombe 50, Rukwa 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, maharage na viazi. Katika utafiti huohuo, waliokonda, yaani wenye uzito mdogo kuliko urefu wao, walikuwa kama 3 tu katika 100 kwa nchi nzima. Ukienda Turkana au Marsabit, kaskazini mwa Kenya, utakuta ukondefu ndio unaotisha. Huku kwetu mtoto hakondi, anabaki mfupi. Mashavu yamejaa, anacheza, anakula ugali wake, na kila anayempita anasema huyu yuko salama.

Mizani na utepe wa mkono, ule wa rangi unaopima mzunguko wa mkono, vimetengenezwa kumtafuta mtoto aliyekonda. Mtoto wetu vitampita, na mfano huu unaonyesha jinsi vinavyompita. Binti ana miezi 24, uzito wake kilo 10.0. Kwenye kadi, mstari wa hasi 2 (michepuko miwili chini ya wastani, mchepuko ukiwa kipimo cha kawaida cha jinsi watoto wanavyotofautiana) wa uzito kwa umri huo ni kilo 9.0, kwa hiyo yuko juu yake kwa kilo nzima. Utepe wa mkono unaonyesha kijani. Muuguzi anaandika, anamrudishia mama kadi na kumwambia anaendelea vizuri. Msimamisheni kwenye ubao: sentimita 78.5. Mstari wa hasi 2 wa urefu kwa binti wa miezi 24 aliyesimama ni sentimita 79.3. Amedumaa, na hakuna kifaa kingine mezani ambacho kingelisema hilo.

Kabla hatujaenda mbele, tujibu lile swali linaloulizwa kila kijiji: "Huyu ni mfupi kwa sababu baba yake ni mfupi. Hizo namba ni za Wazungu." Viwango tunavyotumia vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kati ya 1997 na 2003 walipimwa watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas wa Brazili, Accra wa Ghana, Delhi wa India, Oslo wa Norway, Muscat wa Oman na Davis wa Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawavuti sigara, wanaopata chakula cha nyongeza kinachofaa na matibabu. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, tofauti ya mji na mji ilikuwa kama asilimia 3 tu, ilhali tofauti ya mtoto na mtoto ilifika kama asilimia 70. Mtoto wa Accra na wa Oslo, wakitunzwa sawa, katika miaka mitano ya mwanzo wanarefuka karibu sawa. Malalamiko ya namba za Wazungu yalikuwa na msingi zamani kidogo, kwa sababu kabla ya 2006 dunia ilitumia vipimo vya watoto wa Marekani ambao wengi wao walilishwa kwa chupa.

Watoto wafupi kwa asili wapo, hakuna anayebisha. Hata kijiji chenye afya kamili kitakuwa na watoto 2 au 3 katika 100 walio chini ya mstari wa hasi 2. Hivyo ndivyo mstari ulivyochorwa. Tukikuta 50, ukoo unaweza kuwaeleza hao wawili watatu. 47 waliobaki wana sababu nyingine. Na yule mama mfupi anayetajwa kama ushahidi, huenda naye alidumaa akiwa mtoto.

Sasa ubao wenyewe.

Kwanza ukagueni kabla hamjamlaza mtu. Chukueni futi ya chuma ya fundi, pimeni kutoka uso wa ndani wa kibao cha kichwa hadi alama ya 50, kisha hadi alama ya 100. Zikipishana hata kwa nusu sentimita, ubao huo usitumike. Mbao zilizotengenezwa na seremala wa hapa nyumbani zinafaa kabisa, na zina kosa moja linalojirudia: utepe wa namba umebandikwa kuanzia ukingo wa nje wa ubao badala ya uso wa ndani wa kibao cha kichwa. Kibao kikiwa na unene wa sentimita 2, kila mtoto anaongezewa sentimita 2. Kosa la namna hii ni baya kwa sababu ni tulivu. Ukipima mara mbili, namba zinalingana, na ukipima watoto 100, wote wamekosewa sawasawa. Sentimita 2 kwa mtoto wa mwaka mmoja zinakaribia kuwa mchepuko mzima, kwa sababu mchepuko mmoja wa urefu katika umri huo ni kama sentimita 2 na nusu. Mtoto aliyedumaa kidogo anapanda juu ya mstari, aliyedumaa sana anaonekana wa kadiri, na kijiji kinapongezwa.

Mbao za vipande viwili zina ugonjwa wake: pale kwenye kiungo, skrubu zikilegea, inafunguka nafasi ya milimita kadhaa, na kila mtoto anayevuka kiungo hicho anasomeka mfupi kwa kiasi hicho. Kazeni skrubu. Kibao cha miguu kiteleze bila kucheza upande. Mbao zinavimba wakati wa masika, kibao kinagoma, mpimaji anakisukuma kwa nguvu na mtoto anakunja magoti. Paka nta kwenye mfereji wake, au sugua kwa msasa laini.

Nani analazwa na nani anasimama? Asiyetimiza miezi 24 alazwe, aliyetimiza asimame. Umri ukiwa haujulikani kabisa, tumieni sentimita 87: aliye chini ya hapo alazwe. Mtu yeyote akilala huwa mrefu kidogo kuliko akisimama, na kwa watoto hawa tofauti ni sentimita 0.7. Kwa hiyo mtoto wa miezi 20 akikataa katakata kulala, mpime akiwa amesimama, ongeza 0.7, na uandike kwamba umeongeza. Wa miezi 30 asiyeweza kusimama, mlaze na utoe 0.7. Kinachoharibu kazi ni kulaza au kusimamisha kwa kufuata hali ya mtoto bila kuandika kilichofanyika. Kwenye daftari namba zote zinafanana, na hakuna atakayejua.

Kumlaza mtoto ni kazi ya watu wawili, na mama si mmoja wao. Mama akae ubavuni karibu na uso wa mtoto, amsemeshe, aonekane. Msaidizi apige magoti nyuma ya kibao cha kichwa, anyooshe mikono na kushika kichwa kwa viganja juu ya masikio. Utosi uguse kibao. Macho ya mtoto yatazame juu dari moja kwa moja. Ukivuta mstari kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa shimo la jicho, mstari huo usimame wima juu ya ubao. Kidevu kisizame kifuani wala kisinyanyuke. Mpimaji akae upande wa kulia wa mtoto, ahakikishe mabega na makalio yamelala na mgongo haujajipinda, kisha kwa mkono wa kushoto abonyeze magoti yote mawili kwa upole, na kwa mkono wa kulia asukume kibao cha miguu hadi kiguse nyayo zote mbili, vidole vya miguu vikielekea juu. Soma hadi sehemu ya kumi ya sentimita, kwa sauti. Msaidizi arudie kwa sauti. Ndipo iandikwe.

Inasaidia kujua kila kosa linavuta namba upande gani. Magoti yakikunjwa, mtoto anafupika, na hili ndilo kosa la kila siku kwa sababu watoto hupiga mateke. Utosi ukiacha nafasi na kibao, anarefuka. Akinyoosha vidole vya miguu kama anayeogelea, kibao kinagusa vidole badala ya visigino, anarefuka. Ukipima mguu mmoja tu kwa sababu mwingine anarusha, nyonga inainama na mguu ulioshikwa unashuka, anarefuka. Nywele zilizosukwa mabutu juu ya utosi zinaweza kuongeza sentimita nzima. Mwambieni mama tangu siku ya kumwalika kwamba mtoto aje bila mabutu utosini. Ukimwomba afumue siku ya kupima, baada ya kumlipa msusi, anayo haki ya kukasirika.

Anayesimama anahitaji sakafu ngumu. Sakafu ya udongo iwekewe ubao bapa, na ubao wa urefu uegemezwe ukutani usiweze kuyumba. Kisogo, mabega, makalio, ndama za miguu na visigino viguse ubao. Kuna watoto ambao sehemu zote tano hazigusi kwa pamoja, hasa wenye kisogo bapa au makalio makubwa. Hao wasilazimishwe, mradi mwili umenyooka na makalio yamegusa ubao. Msaidizi ashike magoti na vifundo vya miguu, mpimaji ashike kidevu, kibao cha juu kishuke hadi kikandamize nywele. Mtoto hupenda kunyanyua visigino akiona kibao kinashuka. Kazi ya msaidizi ni kuangalia visigino, basi, asiangalie namba.

Tuje kwenye umri, maana urefu bila umri hausemi kitu kuhusu udumavu. Mvulana amelazwa na kusoma sentimita 77.5. Kama ana miezi 18, mstari wa hasi 2 ni 76.9, hajadumaa. Kama anatimiza miezi 24, mstari wa hasi 3 kwa urefu wa kulala ni 78.7, na amedumaa vikali. Mama akisema "ana mwaka na nusu hivi", au "anaingia miwili", amekupa majibu mawili yanayotofautisha mtoto mzima na mgonjwa. Tazama daftari lolote la kijiji uone miezi 12, 24 na 36 ilivyorundikana. Watoto hawazaliwi kwa mafungu hivyo.

Anzeni na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, mnakili tarehe, msikokotoe kichwani. Umri ni miezi iliyotimia: aliyezaliwa tarehe 20 Machi, akipimwa tarehe 15 Juni, ana miezi 2, si 3. Kadi ikiwa imepotea au kuliwa na panya, tumieni kalenda ya matukio, na iandaliwe kijijini kabla ya siku ya kupima. Matukio ya taifa yanasaidia: kifo cha Rais Magufuli Machi 2021, sensa ya Agosti 2022. Lakini yanayokumbukwa zaidi ni ya palepale: mwezi ambao daraja lilisombwa na maji, kuapishwa kwa mtendaji mpya, Pasaka, Idi, kuchimba viazi, kuvuna mahindi, kupita kwa Mwenge. Uliza kwanza alizaliwa kabla au baada ya tukio moja kubwa, kisha bana taratibu hadi mwezi. Malizia kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani mwenye kadi. Kazi hii inachukua dakika kumi kwa mtoto mmoja, na wengi huiruka. Wanaoiruka wangefanya vizuri zaidi kutopima urefu wa mtoto huyo.

Mizani tutaipitia haraka. Ya bucha inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ya kliniki lazima muikague wenyewe. Asubuhi kila siku ya kazi pimeni kitu chenye uzito unaojulikana, kwa mfano jiwe la mizani la kilo 5, na muandike matokeo. Ikikosea kwa zaidi ya gramu 100, itafutiwe nyingine. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25 irudishwe sifuri ikiwa na kaptula yake tupu, isomwe macho yakiwa usawa wa mshale, na miguu ya mtoto isiguse chini wala kushika nguo ya mama. Ile ya kielektroniki iwekwe mahali bapa na pagumu. Mama apande peke yake, irudishwe sifuri akiwa bado juu, ndipo apewe mtoto. Anayemkabidhi mtoto asiendelee kumshika.

Tatizo letu la kweli huku ni baridi. Juni na Julai, Makete au Njombe mjini, ukimwambia mama avue mtoto nguo atakutazama kama umerukwa na akili. Basi muuguzi anampima na sweta, kofia, soksi na blanketi, nguo ambazo zinaweza kufika nusu kilo na zaidi, na uzito wa mwezi wa Julai unaonekana mzuri kuliko wa Machi. Suluhisho lipo: mama apande kwenye mizani ya kielektroniki akiwa na blanketi mkononi, irudishwe sifuri, kisha apewe mtoto aliyevuliwa na kumfunika kwa blanketi hilohilo. Uzito wa blanketi umeshatolewa. Pimeni ndani, milango ikiwa imefungwa upepo. Ila msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua, na mtoto mchanga hutangulia.

Utepe wa mkono unabaki na kazi yake, na ni kazi ya kuokoa maisha. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Mkono wa kushoto ukunjwe kwenye kiwiko, tafuta kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama, kisha mkono unyooshwe na kuning'inia umelegea. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuikunja wala kuacha mwanya. Wanaokadiria kati kwa macho huenda juu mno au chini mno. Kagueni pia maboksi yenu: kabla ya mwaka 2009 rangi nyekundu iliishia sentimita 11.0, na tepe hizo za zamani bado hazijaisha duniani. Na utepe usitolewe fotokopi kamwe, kwa sababu mashine hubana au hupanua karatasi kidogo, na kidogo hicho kinatosha kubadilisha rangi.

Kabla ya kipimo chochote, tazameni miguu. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si nyayoni, kwa sekunde tatu, uachie. Pakibaki shimo miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe uko kijani, na mtoto aende kituo chenye huduma siku hiyohiyo. Uzito wake usitumiwe kwenye hesabu ya uzito kwa urefu, kwa sababu unapima maji.

Sasa jambo linalowagusa maofisa lishe na wote wanaopeleka takwimu juu. Tumezoea kuamini kwamba makosa madogo ya hapa na pale yanafutana: huyu kaongezewa, yule kapunguzwa, wastani unabaki. Wastani kweli unabaki, ila asilimia ya walio chini ya mstari haibaki. Chukueni wilaya ambayo wastani halisi wa uzito kwa urefu ni hasi 0.3 ya mchepuko na mtawanyiko, yaani jinsi watoto walivyosambaa pande mbili za wastani, ni 1.0. Waliokonda ni kama 4.5 katika 100. Sasa wapimaji walegee, mtawanyiko ufike 1.4, wastani uleule hasi 0.3. Waliokonda kwenye ripoti wanakuwa kama 11. Hakuna mtoto aliyekonda zaidi, ila makosa yamesukuma watoto nje pande zote mbili, na sisi tunahesabu upande mmoja tu. Kuanzia asilimia 10 wilaya inahesabiwa kuwa na ukondefu wa juu, chakula dawa, kile cha kutibu watoto waliokonda, kinaagizwa kwa ajili ya watoto ambao hawapo, na wilaya nyingine yenye wagonjwa wa kweli inasubiri. Kwa udumavu athari ni ndogo zaidi lakini ipo: wastani wa hasi 1.4 wenye mtawanyiko 1.0 unatoa 27 katika 100, wenye 1.4 unatoa 33.

Kwa hiyo mnapopokea daftari la kijiji, kabla ya kutazama asilimia, tazameni mambo mawili. La kwanza ni tarakimu ya mwisho. Kama watu wamesoma kweli hadi sehemu ya kumi, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 itatokea karibu mara 10 katika 100, na 0 pamoja na 5 zitakuwa kama 20. Mkikuta 0 na 5 zimefika 60, mtu alikuwa anakadiria. La pili ni mtawanyiko: wa uzito kwa urefu unatakiwa kuwa kati ya 0.8 na 1.2. Ukizidi hapo, rudini kwa wapimaji kabla hamjakimbilia kwa mkuu wa wilaya. Na namba kama hasi 6 ya urefu kwa umri mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana nafasi, 87.1 ikaandikwa 81.7, au mwaka wa kuzaliwa uliokosewa. Usiifute kimya, tafuta mtoto umpime tena.

Mtauliza mara ngapi. Uzito kila anapokuja kliniki. Urefu usipimwe kila mwezi, na hapa tunatofautiana na baadhi ya wenzetu. Mtoto katika mwaka wa pili anarefuka kama sentimita 12, yaani 1 kwa mwezi, wakati vipimo viwili vya watu makini vinaruhusiwa kupishana kwa 0.7. Ukipima kila mwezi utaona mtoto "amesimama" mwezi huu na "ameruka" mwezi ujao, na yote ni mkono wa mpimaji. Utamtisha mama bure, au utampa moyo bure. Miezi mitatu inatosha kuona ukuaji wa kweli, na tayari tuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Ongezeni chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Mtoto yuko pale, na ile ya miezi 18 kwa wengi ni safari ya mwisho kliniki kabla hawajaugua. Mkoa usiopima urefu siku hizo mbili umemwachia mtoto apite mlangoni.

Tahadhari ya majira. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Januari hadi Machi chakula cha ghalani kinapungua, mama yuko palizini kutwa, kuhara na malaria ya mabondeni vinapanda. Mkipima mikono Februari, kisha Juni baada ya mavuno, lazima mtaona nafuu. Hiyo ni nafuu ya msimu, isiandikwe kama matunda ya mradi. Linganisheni Februari na Februari.

Na mama aambiwe nini? Asitangaziwe mbele ya foleni kwamba mtoto wake amedumaa. Mama aliyeaibishwa hatarudi, na mtoto hatapimwa tena. Mkae pembeni, mwonyesheni mstari wa kadi: hapa alikuwa akipanda na wenzake, hapa ameanza kulala. Ulizeni kilichotokea mwezi huo kabla ya kushauri. Mara nyingi utakuta mstari ulianza kulala kati ya mwezi wa sita na wa tisa, pale uji ulipoanza, na uji wenyewe ni maji na unga wa sembe mara mbili kwa siku. Ushauri uwe wa kitu kinachopatikana nyumbani kwake: uji mzito usiomwagika kijikoni, uliotiwa karanga zilizosagwa, maziwa au dagaa waliopondwa, na kuanzia miezi 9 ale milo mitatu hadi minne pamoja na kumnyonyesha. Na baba aitwe asikie, kwa sababu mbuzi na mayai mara nyingi vinauzwa kwa amri yake. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu visichaguliwe "kwa ajili ya uji wa mtoto tu". Sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Wenye vijiji, nanyi mna sehemu yenu. Miaka ya 1980, katika mpango wa lishe wa Iringa uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji 168 vya mwanzo vilipima watoto wao kila robo mwaka na matokeo yakasomwa kwenye serikali ya kijiji. Kadi zilikuwa za kijani, kijivu na nyekundu, na walichopima ni uzito tu. Nguvu yake ilikuwa kwamba kamati ya kijiji iliulizana: watoto hawa wa nyekundu ni wa kaya zipi, na tunafanya nini kabla ya robo ijayo. Fanyeni hivyohivyo kwa urefu. Majina yasisomwe hadharani, lakini kitongoji kisomwe.

Nje kuna watoto kumi na mama zao. Kila jozi itapima watoto wote kumi mara mbili, na raundi ya pili mtapewa fomu mpya. Ya kwanza tutaikusanya ili msiione. Vipimo viwili vya mtoto mmoja vikipishana kwa zaidi ya sentimita 0.7 za urefu, gramu 100 za uzito au sentimita 0.5 za mkono, jozi hiyo itarudia. Mtoto anayelia sana aachwe anyonye, apimwe wa mwisho. Mbao nne zimewekwa chini ya mwembe, na moja kati yake tumeibandika namba vibaya kwa makusudi. Futi ya chuma iko mezani.